Bolti za injini ya Land Rover ya zamani: za kununua kwanza na za kuacha dukani

Ukishaibomoa injini ya Land Rover Series III, ile ya petroli ya cc 2,286 iliyotembea barabara zote mbovu za nchi hii, unabaki na ndoo ya bolti zilizojaa kutu na grisi kavu. Fundi anafuta mikono na kusema, "Bosi, nipe hela nikachukue bolti nane za kumi na tatu." Hapo ndipo kitumbua kinapoingia mchanga. Kumi na tatu ni saizi ya spana, haisemi lolote kuhusu uzi.

Gari hili ni la inchi. Bolti ya 5/16 ina unene wa milimita 7.94, na M8 ina milimita 8. Vichwa vyote viwili vinakubali spana ya 13, kwa hiyo kwa macho ni pacha. Lakini 5/16 ya UNF (uzi mwembamba wa inchi wa Marekani na Uingereza) ina nyuzi 24 kwa inchi, ya BSF (uzi mwembamba wa Kiingereza wa zamani) ina 22, na M8 ya kawaida ina kama 20. Land Rover za zamani zina UNF nyingi, na BSF zimejichanganya humo humo. Ukiingiza M8 inazunguka mara mbili tatu, inagoma, fundi anachomeka bomba kwenye spana, inaingia kwa kelele. Mimi niliwahi kushangilia kelele hiyo kwenye pampu ya maji. Baada ya wiki mbili maji yalikuwa yanachuruzika, na tundu ikabidi lichimbwe upya na kuwekewa uzi wa waya. Bei ya kazi hiyo ingenunua bolti za injini nzima.

Basi kabla ya kwenda popote nunua geji ya nyuzi. Ni kitu cha bei ndogo kinachokaa mfukoni. Kama huna, chukua bolti unayoijua na usiyoijua, zilaze uzi kwa uzi, kisha zitazame kwenye mwanga. Zikilala bila mwanya ni ndugu. Angalia na vichwa pia: bolti za Uingereza zenye viduara vilivyoungana ni za familia ya UNF na UNC, nduguye mwenye uzi mnene.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia bora.

Nafasi ya kwanza ni bolti zako mwenyewe. Wengi hawapendi kusikia hivi, kwa sababu kipya kinang'aa. Lakini bolti iliyotoka tunduni mwake ina uzi sahihi, urefu sahihi na chuma sahihi. Ioshe kwa dizeli, ipige brashi ya waya, kisha pitisha nati kwa vidole tu. Nati ikikwama katikati, bolti hiyo imevutika au uzi umeliwa. Pima urefu ukilinganisha na wenzake, na uitazame shingo kama imekonda. Za silinda hedi ya injini hii hukazwa kwa kipimo cha nguvu peke yake, kwa hiyo zikiwa nzima zinarudi. Injini za kisasa ambazo bolti za hedi hukazwa kwa kuzungushwa digrii kadhaa ni habari nyingine: nyingi zinatumika mara moja tu.

Ya pili ni bolti mpya kwa namba ya spea. Bolti na nati za konrodi, yaani mikono inayounga pistoni na krankishafti, usizitafute kwingine, wala usirudishe za zamani. Konrodi ikikatika inatobolea bloku ubavuni. Spea za Series bado zinatengenezwa na kuuzwa Uingereza. Gharama yake hasa ni usafiri, kwa hiyo andika orodha nzima uagize mara moja.

Ya tatu ni duka linalouza bolti pekee. Pale Gerezani, Dar, au Kirinyaga Road, Nairobi, ulizia zenye alama ya uimara kichwani. Kwa za inchi, mistari mitatu ni Grade 5, sita ni Grade 8. Kwa za milimita, 8.8 maana yake chuma kinahimili megapaskali 800 kabla ya kukatika, na kinaanza kuvutika kabisa kwenye asilimia 80 ya hapo. Linganisha na ile uliyoitoa. Kukimbilia 12.9 kwa sababu namba ni kubwa hakukupi faida yoyote kwenye kifuniko cha taimingi.

Ya nne ni za injini chakavu ya aina ile ile. Zinafaa kwa sampu (bakuli la oili chini ya injini), mabano ya altaneta na vifuniko.

Za chuma kisichoshika kutu naziweka ya tano. Zinapendeza, lakini nyingi ni A2-70, yaani megapaskali 700, chini ya 8.8. Tena zikiwa ndani ya alumini, unyevu ukiingia, zinaganda. Kwenye manifoldi ya ekzosi weka nati za shaba ya njano. Hizo hufunguka hata baada ya miaka.

Zile zenye kichwa kitupu zinazopimwa kwa kilo ziache zifunge mabati.

Mwenye Toyota naye asicheke. Injini za Kijapani hutumia M10 ya hatua 1.25 (yaani milimita kutoka uzi mmoja hadi mwingine) na M12 ya 1.25, wakati rafu za madukani zimejaa M10 ya 1.5 na M12 ya 1.75. Mtaje muuzaji hatua ya uzi kabla hajafungua droo.

Siku ya kufunga, puliza matundu yote mpaka yakauke. Mafuta yaliyobaki chini ya tundu lisilo na upande wa pili hayana pa kwenda, na bolti ikiyakandamiza inaweza kupasua bloku. Bolti za nusu inchi za hedi zinaishia futi-pauni 65 kwenye spana ya kipimo cha nguvu, na hazifiki hapo kwa mkupuo mmoja: anzia katikati ya hedi, zungukia nje, kisha rudia.