Kamanda Mwanamke na Wapenzi Wake: Tathmini ya Mass Effect Legendary Edition

Mass Effect Legendary Edition ni mkusanyiko wa michezo mitatu ya kuvaa uhusika iliyotengenezwa na kampuni ya BioWare ya Edmonton, Kanada. Wa kwanza ulitoka mwaka 2007, wa pili 2010 na wa tatu 2012. Toleo hili la pamoja lilitoka tarehe 14 Mei 2021 kwa kompyuta, PlayStation 4 na Xbox One, likiwa na picha zilizosafishwa na karibu nyongeza zote zilizowahi kuuzwa kando. Mengi yamekwisha kuandikwa kuhusu vita vyake, silaha zake na mwisho wake uliozua ugomvi mkubwa. Mimi nataka kulipima kwa jambo moja tu, ambalo ndilo linalonirudisha kwake kila mara: mchezaji mwanamume anapata nini akiamua Kamanda Shepard, mhusika mkuu anayemwongoza, awe mwanamke, na hadithi za mapenzi anazofunguliwa zina uzito gani? Nitalazimika kutaja mambo yanayotokea hadi mchezo wa tatu, kwa hiyo anayependa kuyakuta mwenyewe acheze kwanza.

Mwanzoni kabisa mchezaji huchagua John Shepard au Jane Shepard, na anaweza kumbadilisha sura, jina la kwanza, asili na historia. Jina la ukoo halibadiliki. Kwa kuwa kila mtu humwita Shepard au humwita kwa cheo chake, sehemu kubwa ya mazungumzo yaliyorekodiwa na wahusika wengine hutumika kwa wote wawili, na maneno ya Shepard mwenyewe hurekodiwa mara mbili: Mark Meer kwa mwanamume na Jennifer Hale kwa mwanamke. Kwa sikio langu, Meer hukomaa polepole, na anapofika mchezo wa tatu ni mwigizaji mzuri sana, lakini Hale ana Shepard wake tangu sentensi ya kwanza. Anajua lini apunguze sauti ili amri iwe kali zaidi. Anapomfariji askari aliyefiwa hasikiki kama mtu aliyeambiwa afariji, na anapokasirika, hasira yake inakuwa na sababu hata pale ambapo maneno yenyewe ni ya kawaida. Ningemshauri mtu amchague Shepard mwanamke kwa sababu ya sauti hii hata kama kusingekuwa na mapenzi yoyote ndani ya mchezo.

Kuna faida nyingine ambayo waandishi wa mchezo huenda hawakuipanga. Maneno yale yale yakitoka kinywani mwa mwanamke hubadilika uzito. Kwa sehemu kubwa ya hadithi, hakuna anayeshangaa kwamba anayeongoza Normandy, meli ya kivita ya angani, ni mwanamke, hakuna anayemdai uthibitisho wa ziada, na yeye hapotezi muda kuitetea nafasi yake. Anaamuru na anatiiwa, anakosea na anawajibika. Mwaka 2007 michezo mikubwa ya vita haikuwa na mashujaa wengi wa kike walioandikwa kwa utulivu wa namna hiyo. Ni pale tu mchezo unapokumbuka jinsia yake ndipo tofauti inapojitokeza. Katika mchezo wa kwanza, afisa mlevi aitwaye Harkin humsalimu kwa maneno ya dharau ambayo mwanamume hasikii. Katika mchezo wa pili, huko Omega, kituo cha angani kilichojaa wahalifu, mwandikishaji wa mamluki humdhania kuwa mchezaji dansi aliyekuja kutafuta kazi na kumwelekeza chumba kingine, naye Shepard humjibu kwa kutoa bastola. Mchezaji mwanamume anayesikia maneno hayo yakielekezwa kwake, kupitia mtu anayemwongoza yeye mwenyewe, hujifunza jambo ambalo maelezo marefu yasingemfundisha. Natamani mchezo ungekuwa na nyakati zaidi kama hizo, tena zilizoandikwa kwa uangalifu zaidi.

Palipo na uvivu ni katika mwili wake. Miondoko mingi ya Shepard mwanamke ni ile ile iliyotengenezwa kwa mwanamume, na hilo linaonekana hasa anapovaa gauni: hukaa kitini akiwa ametanua miguu kama askari aliyevaa suruali ya vita, na hutembea kwa mabega yasiyokuwa yake. Toleo la 2021 limerekebisha baadhi ya mambo haya bila kuyamaliza. Limeongeza rangi za ngozi na mitindo ya nywele, na sura ya Shepard mwanamke iliyopatikana wakati wa mchezo wa tatu, ile yenye nywele nyekundu iliyochaguliwa kwa kura za mashabiki mwaka 2011, sasa ndiyo sura ya kawaida katika michezo yote mitatu. Pia baadhi ya picha za kamera zilizokuwa zikimwangalia Miranda Lawson, mwanamke wa kikosi cha Shepard katika mchezo wa pili, kwa nyuma wakati wa mazungumzo mazito zimebadilishwa, na mazungumzo hayo, ambayo yanahusu mdogo wake, yamepata heshima yaliyostahili tangu mwanzo.

Sasa mapenzi yenyewe. BioWare imekuwa ikiandika mapenzi kwa muda mrefu, na haikuanza kwa usawa: katika Baldur's Gate II ya mwaka 2000, mwanamume alikuwa na wanawake watatu wa kuchagua ilhali mwanamke alikuwa na Anomen peke yake. Mass Effect ya kwanza ilisawazisha hesabu. Shepard mwanamume anaweza kumpenda Ashley Williams, mwanamke anaweza kumpenda Kaidan Alenko, na wote wawili wanaweza kumpenda Liara T'Soni, mwanasayansi wa jamii ya asari ambayo ina jinsia moja tu na ambayo kwa macho ya binadamu inaonekana ya kike. Kaidan ni mtu mtaratibu, anayeumwa kichwa mara kwa mara na aliyefunzwa kwa ukali, na mapenzi yake yanaanza kwa urahisi kupita kiasi: mchezaji akijibu kwa adabu mara chache, tayari amehesabiwa kuwa anavutiwa naye. Hilo ni kasoro ya uandishi, kwa sababu upole na utongozaji ni vitu viwili, na mchezaji anayemwongoza mwanamke huibaini kasoro hiyo mapema. Lakini kwenye sayari ya Virmire, ambako ni lazima mmoja kati ya Ashley na Kaidan aachwe afe, mapenzi hayo hupata maana ya kutisha. Kamanda anaulizwa kama atamwokoa anayempenda au askari mwingine aliyemwamini kwa kiasi kile kile, na hakuna jibu litakalomwacha salama.

Mchezo wa pili unampa mwanamume wapenzi watatu wenye hadithi kamili, Miranda, Jack na Tali'Zorah, na mwanamke watatu vilevile, Jacob Taylor, Thane Krios na Garrus Vakarian. Kwa idadi hakuna wa kulalamika. Malalamiko yangu yanaanza katika mchezo wa tatu, ambapo hesabu hii inalipwa. Wanawake watatu wa mwanamume wanaweza wote kufika mwisho wakiwa hai na wakiwa wanampenda bado, ikiwa amecheza kwa makini. Kwa mwanamke, Thane hufa kwa vyovyote vile, kwani alikuwa mgonjwa tangu siku ya kwanza na mauti yake ameyakubali. Jacob naye, katika muda ambao Shepard alikuwa kizuizini, ameanza maisha na Daktari Brynn Cole, ambaye tayari ana mimba yake, na mchezaji hana chaguo lolote la kuyazuia hayo. Kifo cha Thane nakitetea kwa moyo wote. Sala anayoisoma kitandani, mwanawe akiwa pembeni, ni miongoni mwa mambo bora kabisa yaliyoandikwa katika mfululizo huu, na mchezaji aliyempenda anajua tangu awali kwamba anapenda mtu anayeondoka. La Jacob sikubaliani nalo. Usaliti unaweza kuwa hadithi nzuri, lakini huu umeandikwa kwa haraka, bila nafasi ya Shepard kuumia au kuuliza, na unakuja juu ya uhusiano ambao tayari ulikuwa dhaifu. Katika mchezo wa pili sauti ya kamanda hugeuka ya kutongoza kila anapozungumza na Jacob, hata pale mchezaji alipochagua swali la kawaida la kazi. Mtu huyu alistahili waandishi wenye subira zaidi.

Anayebaki ni Garrus, na kwa maoni yangu Garrus peke yake anatosha kuwa sababu ya kuchagua Shepard mwanamke, kwa maana mwanamume hawezi kuwa naye kimapenzi kabisa. Garrus ni mturia, kiumbe mwenye magamba na uso wa chuma, askari polisi wa zamani aliyechoshwa na taratibu. Katika mchezo wa kwanza hakuna hata neno moja la mapenzi kati yao. Wanazungumza kuhusu haki, sheria, na mhalifu aliyemponyoka. Katika mchezo wa pili anakutwa Omega, kikosi chake kizima kimeuawa kwa usaliti wa mmoja wao, na yeye mwenyewe anapigwa kombora usoni na kubaki na kovu. Ni baada ya hayo yote ndipo wazo la kupendana linapotajwa, tena kwa aibu, kati ya watu wawili waliokwisha kuokoana maisha. Usiku wanaokutana anakuja na mvinyo, akiwa na wasiwasi, akiwa amefanya utafiti, na anakiri kwamba mambo yake mengi yamekwenda kombo na angependa angalau hili moja liende sawa. Katika mchezo wa tatu wanapanda juu ya Presidium, eneo la kifahari la kituo cha angani cha Citadel, kushindana kulenga chupa, na mchezaji anaweza kukosa shabaha kwa makusudi ili amwachie ushindi. Katika nyongeza ya Citadel wanacheza tango mbele ya watu. Huu ni upendo uliojengwa juu ya urafiki wa miaka, na michezo ya video ni nadra sana kuupa urafiki muda wa kutosha kabla ya kuudai busu.

Niliposema kwamba mwanamume anayecheza kama mwanamke hupata kitu, nilikuwa na hili akilini. Wapenzi wa Shepard mwanamume katika mchezo wa pili wameandikwa, kwa sehemu kubwa, kama watu wa kuponywa: Jack aliyeteswa utotoni, Miranda aliyetengenezwa na baba yake, Tali anayembeba babake moyoni. Shepard ndiye anayesikiliza, anayeokoa na anayepewa shukrani. Garrus na Thane huja na majeraha yao pia, lakini wao humtazama Shepard, humuuliza amelalaje, hutambua kwamba amechoka. Kwangu mimi, kuwa upande unaotunzwa katika hadithi ya vita lilikuwa jambo jipya, na lilinifanya nimwone kamanda kuwa mtu anayeweza kuvunjika.

Kuhusu mapenzi ya jinsia moja, mfululizo huu ulichelewa. Liara alikuwepo kwa Shepard mwanamke tangu mwanzo, jambo lililoifanya Singapore iupige marufuku mchezo wa kwanza mnamo Novemba 2007 kabla ya kuuruhusu kwa watu wazima. Mwanamume alingoja hadi 2012, alipopewa Steve Cortez na, ikiwa Kaidan alinusurika Virmire, Kaidan pia. Cortez ni mjane anayesikiliza tena na tena ujumbe wa mwisho wa mume wake, na uandishi wake unamheshimu mno kumruhusu Shepard amkimbilie kabla hajamaliza kuomboleza. Samantha Traynor, ambaye ni wa Shepard mwanamke pekee, ni mcheshi, mpenda sataranji, na ana mswaki wa krediti 6,000 anaoujali kupita kiasi, na katika mchezo uliojaa maombolezo ucheshi wake ni pumzi.

Takwimu za BioWare baada ya toleo hili kutoka zilionyesha kwamba asilimia 32 ya wachezaji walimchagua Shepard mwanamke, ilhali miaka ya mwanzo walikuwa asilimia 18. Nafurahi kuona idadi hiyo ikipanda, na naamini ingepanda zaidi kama matangazo ya michezo miwili ya kwanza yangemwonyesha.

Kwa anayetaka kununua: kwenye kompyuta toleo hili linadai nafasi ya gigabaiti 120, kwa hiyo pimeni bando lenu kwanza, na ni mchezo wa watu wazima. Pinnacle Station, nyongeza ya mchezo wa kwanza, na mchezo wa wengi mtandaoni wa ule wa tatu havimo. Tumieni Shepard mmoja kwa michezo yote mitatu, kwani kila mchezo husoma maamuzi ya uliotangulia, na picha ya mpenzi wa kwanza iliyo mezani katika mchezo wa pili hulazwa kifudifudi iwapo kamanda atampenda mwingine. Anayemtaka Garrus arudi kuzungumza naye baada ya kila kazi hata kama atajibiwa kwamba ana shughuli za mizinga, na nyongeza ya Citadel aicheze kabla ya kushambulia makao makuu ya Cerberus, shirika ambalo ni adui katika mchezo wa tatu, kwa sababu baada ya hapo mchezo haumruhusu kurudi nyuma.