Uzoefu wangu na Elixir: skedula isiyotegemea adabu ya mtu

Kama seva yako ina kazi ndogo ndogo nyingi na chache nzito zinazogombania muda, lugha ya programu ya Elixir nakupendekezea bila kusita. Sintaksia yake ni safi, José Valim aliyeibuni alifanya kazi nzuri, ila kilichonifanya nibaki ni mashine iliyo chini yake: BEAM, ile ile ya Erlang, iliyotoka Ericsson kwa ajili ya swichi za simu.

Sisi tunahudumia maduka ya jumla hapa Nairobi, mengi yakiwa Nyamakima na Eastleigh. Mteja akilipa kwa simu, taarifa inatua kwenye seva yetu, tunaioanisha na ankara, SMS inamwendea mwenye duka. Kazi nyepesi, lakini haingoji: mkokoteni uko nje, mteja kasimama kaunta, na mzigo hautoki mpaka SMS iingie. Ripoti za mauzo ndizo nzito, na mwisho wa mwezi kila mtu anaitaka yake.

Mfumo wa awali ulikuwa wa Python, kwa asyncio, maktaba yake ya kuendesha kazi nyingi kwa zamu. Pale kazi zote huishi kwenye thredi moja, na aliyeshika zamu haondolewi. Huachia mwenyewe akifika mahali pa kungoja kitu. Ripoti inayojumlisha maelfu ya safu haingoji chochote, kwa hiyo haiachii. Wengi hudhani kuandika await (neno la kungoja) kunatosha. Hakutoshi: ukiita korutini (fankisheni inayoweza kusimama na kuendelea baadaye) ambayo ndani yake hakuna kungoja kwa kweli, inapita moja kwa moja na zamu inabaki kwako. Dawa inayojulikana ni kuchomeka `await asyncio.sleep(0)` katikati ya lupu, na inafanya kazi. Shida ni kwamba kila anayegusa msimbo lazima akumbuke, na maktaba uliyoipakua haijui kama una wengine wanaosubiri.

Skedula ya BEAM, yaani sehemu inayogawa zamu, haimwachii mtu uamuzi huo. Kila prosesi (kazi ndogo inayojitegemea ndani ya BEAM) hupewa kiasi cha ridaksheni, kipimo cha kazi, kwa sasa 4000, na kuita fankisheni moja ni kama ridaksheni moja. Zikiisha, inawekwa kando na kurudi mwisho wa foleni, hata kama ripoti iko nusu. Ni kama bombani kwenye ploti siku ya maji: jaza mitungi miwili, rudi nyuma, hata ukiwa umekuja na kumi. Nililolipenda zaidi ni jinsi ilivyozibwa mianya. Erlang haina lupu. Kurudia jambo ni fankisheni kujiita tena, kwa hiyo kila mzunguko unapita penye kuhesabiwa. Hata rejeksi (utafutaji wa ruwaza kwenye maandishi), ambayo ndani yake ni msimbo wa C, ilirekebishwa iweze kusimama katikati na kuendelea baadaye. Ukichungulia kwa makini, huku nako ni kuachia zamu kwa hiari, ila hiari si yako. Imeshonwa ndani ya mashine. Kuna `:erlang.yield()` kwa anayetaka kuachia mwenyewe, na nyaraka zenyewe zinaonya kwamba ni nadra sana kuihitaji. Sijawahi kuigusa.

Tangu tuhamie, ripoti za mwisho wa mwezi zinachelewa kidogo na SMS hazitikisiki. Huo mpango naukubali siku yoyote.

Sasa kasoro. Ukiunganisha msimbo wa C au Rust kwa njia ya NIF (fankisheni ya lugha nyingine inayoitwa moja kwa moja ndani ya BEAM), ulinzi wote unaisha: mwongozo unataka urudi ndani ya milisekunde 1 hivi, na ukipitiliza umeishika skedula nzima mateka. Kazi ndefu za aina hiyo zipeleke kwenye skedula chafu, zilizotengwa kwa kazi kama hizo (ndivyo zinavyoitwa, jina baya kwa kitu muhimu). Hesabu nzito za namba nazo si nguvu yake, ingawa kompaila ya JIT, inayogeuza msimbo kuwa wa mashine, iliyokuja na toleo la Erlang la OTP 24 mwaka 2021 imesaidia.

Halafu kuna hili ambalo wanaoisifia huliruka: haki ya BEAM ni kwa prosesi, si kwa mteja. Duka moja likizalisha prosesi mia kwa ripoti yake, lina zamu mia, na jirani mwenye prosesi moja ana moja. Kikomo kwa kila duka tuliandika wenyewe. Na kila kitu kikipitia GenServer moja (prosesi inayopokea maombi na kuyashughulikia moja moja), hakuna skedula itakayokuokoa; foleni imehamia tu kwenye sanduku la barua la hiyo moja.

Mwenzangu ofisini ni mtu wa lugha ya Go, na hoja yake kwamba Go nayo sasa hukatiza kazi yenyewe ina uzito. Kabla ya toleo la 1.14 la Februari 2020, lupu kavu isiyoita fankisheni ingeweza kung'ang'ania thredi. Siku hizi gorutini (kazi ndogo ya Go) iliyozidisha milisekunde 10 hivi hukatizwa kwa signali. Tena kupata mtu wa Go Nairobi ni rahisi kuliko wa Elixir, na hapo sina la kumjibu.

Nyota nne kati ya tano. Ukiijaribu, fungua `:observer.start()`, dirisha la kuangalia prosesi, siku ya kwanza, upange prosesi kwa safu ya Reds (ridaksheni). Inayokula muda wako itakuwa juu kabisa.