Tathmini: Sanduku la Minyoo la Kutengenezea Mboji Shuleni

Kwa shule ya msingi inayotaka kupunguza mabaki ya chakula yanayotupwa, sanduku hili lenye trei tatu zinazopandana ninalipendekeza kwa moyo mkunjufu, kwa sababu mtoto hushuhudia kwa macho yake ganda la ndizi likigeuka mboji nyeusi isiyonuka vibaya. Minyoo wekundu, Eisenia fetida, wakishamaliza chakula cha trei ya chini hupanda kupitia matundu kufuata mabaki mapya, hivyo mboji huvunwa bila kuwachambua mmoja mmoja. Maelezo ya mtengenezaji, hata hivyo, hayatoshi: hayasemi kwamba nyama, maziwa na vyakula vya mafuta huleta harufu na nzi, wala kwamba minyoo hawa hustawi zaidi kwenye nyuzijoto 15 hadi 25 za Selsiasi, jambo ambalo mwalimu anapaswa kulijua kabla ya kuliacha sanduku juani. Bomba la kutolea maji nalo huziba upesi. Karatasi zilizotumika darasani, zikichanwachanwa, zikaloweshwa na kukamuliwa, hufaa sana kuwa matandiko ya minyoo ndani ya trei, na kazi hiyo wanafunzi wadogo huigombania.