Mazoezi ya ndondi kwa kocha wa uzito wa juu, Eastlands: miezi mitano yangu

Watu wameniuliza sana nafanya mazoezi wapi siku hizi, basi wacha niandike yote hapa mara moja. Ni kwa kocha mmoja huku Eastlands, Nairobi, dakika kama saba kwa mguu kutoka Jogoo Road, bondia wa zamani wa uzito wa juu, sai ana miaka 44 na aliacha kupigana akiwa na 39. Jina lake na namba siweki kwa sababu hajaniruhusu na pia hapendi simu za ovyo, lakini ukifika mtaani ukiulizia Kocha Mzito hata mtoto wa shule atakupeleka mpaka mlangoni.

Mimi ni mtu mkubwa. Nilianza na kilo 104, kazi yangu ni ya kukaa ofisini Industrial Area kutoka saa mbili mpaka saa kumi na moja, mgongo ulikuwa unauma mpaka kulala ni shida, na daktari akaniambia presha inapanda. Kabla ya hapa nilikuwa nimelipia gym moja ya ghorofani, ile ya vioo kila ukuta, jina lake silitaji. Pale kijana wa kufundisha alitupea glavu bila bandeji, akaweka muziki juu, akaanza kupiga kelele "piga piga piga" na sisi tukawa tunachapa gunia kama watu wanaua nyoka. Wiki ya pili nikategua kifundo cha mkono wa kulia. Wiki nne nzima sikuweza hata kufungua chupa ya chai, mke wangu ndo alikuwa ananifungulia, na pesa hawakurudisha.

Kwa Kocha siku ya kwanza sikugusa gunia kabisa. Dakika kama ishirini zilikuwa za mikono tu. Alinikalisha kwa benchi, akavuta kiti mbele yangu, akatoa bandeji ndefu kama mita nne na nusu, akaanza na kitanzi kwa kidole gumba, akashuka kwa kifundo cha mkono akazungusha mara tatu, akapanda mpaka kwa vifundo vya vidole, akarudi, akapitisha katikati ya vidole kimoja kimoja, na kila akizungusha ananiambia "funga ngumi, fungua, inabana?" Nikamwambia inabana kidogo. Akafungua yote akaanza upya. Hapo ndo niliangalia mkono wake mwenyewe vizuri, kifundo cha kidole cha kati cha mkono wa kulia kimezama ndani, hakiko mahali pake. Akaona naangalia akaniambia alikivunja akiwa na miaka 22, siku hiyo alifungwa bandeji na mtu alikuwa na haraka. "Kijana, ngumi utajifunza. Mkono ukiharibika utakula na nini?"

Sasa kitu cha pili, na hapa wale wakubwa wenzangu msome polepole. Kwa ndondi za kulipwa uzito wa juu unaanzia juu ya pauni 200, karibu kilo 91, na kwenda juu hakuna mwisho, kwa hivyo mtu ambaye amelelewa kwa uzito huo anajua mwili mkubwa unachokea wapi. Makocha wengi wa mazoezi ni watu wepesi, wanakurushia kamba uruke siku ya kwanza na magoti yako yanalia. Kocha hakuniruhusu kuruka kamba mwezi mzima. Nilitembea mstari wa chaki kwa sakafu, mguu wa kushoto mbele, wa kulia unafuata, miguu isikutane, mbele nyuma mbele nyuma mpaka nikaona ni kama ananicheza lakini wiki ya tatu nikagundua mgongo hauumi nikiamka. Halafu amefunga kamba kutoka kwa nguzo mpaka kwa dirisha, urefu wa kifua, unapita chini yake kulia kushoto ukipinda magoti. Ukiinamisha kichwa peke yake anakugusa paji la uso na ile pedi, hasemi kitu, anakugusa tu, na unajua hiyo ingekuwa ngumi. Kufika wiki ya sita niliweza kumaliza raundi nzima ya dakika tatu chini ya hiyo kamba bila kusimama na nawaambia nilitoka pale nikampigia mke wangu simu.

Dakika moja ya kupumzika kati ya raundi hatukai. Tunasimama, mikono kwa kamba, pumzi kwa pua. Anasema hiyo aliiga kwa George Foreman, bingwa wa zamani wa uzito wa juu, na stori ya Foreman nimeisikia hapo kama mara sita na sijaichoka. Foreman alipigwa na Muhammad Ali kule Kinshasa Oktoba 1974, akaacha ngumi 1977, akakaa miaka kumi akihubiri, akarudi 1987 akiwa mnene na watu wakamcheka, na kati ya raundi alikuwa hakai kwa stuli, anasimama tu kwa kona yake. Novemba 1994, miaka 45, yuko nyuma kwa alama za majaji wote watatu, raundi ya kumi akamwangusha Michael Moorer akachukua taji tena. Kocha anaitumia kufundisha ngumi ya mbele, ile ya mkono wa kushoto kwa sisi wa kulia, kwamba mtu mzito hahitaji kukimbizana, anatuma ule mkono, anapumua, anatuma tena, anangoja. Na ukweli hiyo ndo inanifaa mimi mwenye kilo zangu.

Lakini Kocha mwenyewe anatuambia tusichukulie Foreman kama mfano wa kila mtu. Jioni moja mvua ilitufungia hall watu watano, tukamuuliza mbona aliacha kama Foreman alishinda na miaka 45, na akaongea karibu saa nzima. Nitawapa kwa ufupi kwa sababu bila hii hamtaelewa mbona namsifu hivi.

Kenya hii tunajulikana kwa mabondia wadogo na wa kati. Philip Waruinge alikuwa wa uzito wa unyoya, yaani mwepesi, Stephen Muchoki ni wale wepesi kabisa, Robert Wangila aliyeleta dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul 1988 alikuwa wa welter, chini kidogo ya uzito wa kati. Watu wakubwa ni wachache, kwa hivyo mzito wa hapa hana hata wa kufanya naye mazoezi, acha wa kupigana naye. Wale waliobahatika waliingia polisi, magereza ama jeshi, unapigania timu yao na mwisho wa mwezi kuna mshahara, na ukizeeka bado una kazi. Yeye alikuwa kijana wa klabu ya mtaa, alijaribu kuingia mara mbili hakuchukuliwa, mpaka umri ukampita. Akabaki na kazi ya kuitwa. Simu inakuja, kuna kijana mahali ng'ambo hajawahi kupigwa na anataka jina la kuongeza kwa rekodi, una wiki mbili, unakuja? Alienda mara tatu. Ya tatu alirudi na hakukumbuka safari ya ndege. Akasema alikaa kwa kitanda akaona mtoto wake wa kwanza anamwangalia, akajua imeisha.

Baada ya hapo akasimama mlangoni kwa klabu ya usiku, miaka mitatu. Hiyo ndo kazi kila mtu alikuwa anamwambia aende, eti wewe ni mkubwa utaogopewa tu. Joe Louis mwenyewe, bingwa wa dunia kutoka 1937 mpaka 1949, alimaliza na madeni ya kodi na kazi ya kusalimia wageni kwa kasino Las Vegas, na yeye angalau walikuwa wanampa heshima. Kocha alidungwa kisu mkononi, kovu liko hapo juu ya kiwiko, na mshahara wa mwezi huo ulikatwa siku alizokaa nyumbani. Hii ya kufundisha watu wa kawaida hakuna aliyemshauri. Alianza na mama mmoja jirani aliyetaka kupunguza sukari, kesho yake mama akaleta dada yake, na sasa tuko kama arobaini.

Na mimi kwa maoni yangu hii ndo kazi bora ambayo mzito aliyefika umri anaweza kufanya, kuliko mlango, kuliko ulinzi wa mabosi, na kuliko kabisa ile ya kurudi ulingoni mara moja ya mwisho. Ali alirudi 1980 na miaka 38 dhidi ya Larry Holmes, watu wa kona yake wakasimamisha pambano baada ya raundi ya kumi, mwaka uliofuata akapigana tena na Trevor Berbick akashindwa, na 1984 akaambiwa ana Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Kufundisha hakumwongezei mtu ngumi ya kichwa. Kocha hafanyi sparing, yaani kupigana kwa mazoezi, na mtu yeyote, hata umwombe vipi, na sisi hatuguswi kichwa, tunapigana mwili tu na glavu kubwa za aunsi 16. Ana daftari la shule la kurasa 96, ameandika jina la kila mmoja wetu, goti gani linauma, nani ana presha, wiki iliyopita tulifikia wapi. Kabla ya kuanza analifungua analisoma. Siku moja aliniambia anaandika kwa sababu kichwa hakishiki kama zamani. Aliniambia hivyo bila kunong'ona, na mimi nikakosa la kusema nikamsaidia tu kukunja bandeji.

Sasa mabaya, kwa sababu nayo yapo. Hall ni ya kukodi na paa linavuja upande wa ulingo, mvua ikinyesha tunahamia kona moja na magunia mawili yanabaki bila kutumika. Hakuna pa kuoga, unaenda nyumbani na jasho lako, mimi nikitoka asubuhi nabeba ndoo ndogo na kitambaa ofisini. Glavu za kuazima zinanuka na mbili zimechanika kwa gumba. Ratiba pia inavurugika, hall ikichukuliwa na mkutano wa matanga ama kanisa mnaambiwa usiku kwa WhatsApp kwamba kesho hakuna, na mwezi wa pili ilitokea mara nne, nilikasirika na nikamwambia. Alirudisha siku hizo mwezi uliofuata bila kubishana. Na kama unatafuta kutoka jasho jingi haraka na muziki, hapa utaboeka, wiki tatu za kwanza ni polepole sana.

Bei ni 300 kwa siku ama 3,500 kwa mwezi, unalipa kwa M-Pesa. Saa kumi na mbili asubuhi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, jioni siku hizo hizo saa moja. Jumamosi asubuhi ni ya akina mama na watoto, watoto hawalipi. Nimeona watu wanakuja na magari makubwa wanaanza kumshusha bei mpaka 150 eti hall haina bafu, na yeye ni mtu wa aibu kwa mambo ya pesa anakubali. Tafadhali msifanye hivyo. Kule kwenye vioo nililipa mara tatu ya hiyo na nikaumizwa mkono.

Mimi sai niko kilo 93, presha imeshuka na daktari amenipunguzia dawa, na mkono wa kulia hauumi hata nikipiga raundi sita kwa gunia. Ukienda nenda na bandeji zako mwenyewe, zile ndefu, fupi atazikataa. Na kama una glavu za aunsi 16 zimekaa tu kwa nyumba mpelekee, na hata ndogo za watoto, hizo ndo zimeisha kabisa, Jumamosi iliyopita watoto wawili walikuwa wanabadilishana pea moja, mmoja akivaa ya kushoto mwingine ya kulia.