Programu za Kupanga Safari: Ya Kulipia na Isiyostahili Kulipiwa

Kabla ya kulipia programu yoyote ya kupanga safari, fungua simu yako uangalie tiketi za safari yako iliyopita zilikufikiaje. Ikiwa nyingi zilikuja kwa baruapepe, kama zijavyo za ndege na za hoteli kubwa, chaguo lako litakuwa moja. Ikiwa zilikuja kwa ujumbe mfupi, kwa WhatsApp au kwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono pale stendi, chaguo litakuwa jingine kabisa. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza. Cha pili ni kama ratiba husomeka bila intaneti, na cha tatu ni wepesi wa ndugu wengine kuingia na kuirekebisha.

Kwa familia au kundi la marafiki, nafasi ya kwanza naipa Wanderlog. Toleo la bure linatosha kupanga siku baada ya siku, kuona vituo vyote kwenye ramani na kuwaalika wenzako waandike katika ratiba hiyo hiyo. Lina pia sehemu ya kugawana gharama, ambayo huepusha maneno pale shangazi alipolipia boti ya watu wanane na mjomba akalipia chakula cha usiku Forodhani. Kasoro yake ni kwamba kuisoma ratiba bila intaneti ni huduma ya wanaolipa. Anayekwenda Unguja mjini hana haja nayo. Anayeingia Serengeti au Maasai Mara, ambako mtandao hupotea njiani, ana sababu ya kulipa, ingawa mwenye subira anaweza kupiga picha ya skrini ya kila siku kabla ya kuondoka na fedha yake ikabaki mfukoni.

Nafasi ya pili ni Google Sheets, programu ya majedwali ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya safari, wala hailipiwi. Nguvu yake ni kupokea chochote: namba ya tiketi ya treni ya Nairobi hadi Mombasa uliyoikata kwa *639#, jina la dereva, kiasi cha nauli kilichobaki. Ukiwasha mapema matumizi ya nje ya mtandao, jedwali litafunguka popote. Haitakukumbusha jambo lolote, na kosa la mwandishi hubaki kuwa kosa. Niliwahi kuandika boti ya 7:00, na mzee mmoja wa familia yetu akaisoma saa saba, akafika bandarini mchana akiwa na mizigo yake yote, sisi tukiwa tumekwisha kuvuka. Tangu siku hiyo jedwali langu lina safu mbili za muda, ya saa za Kiswahili na ya saa za tiketi, nami nakushauri ufanye hivyo hata kama wenzako wote ni vijana.

TripIt, iliyoanza mwaka 2006, naiweka ya tatu kwa familia, lakini kwa anayepanda ndege kila mwezi ningeipandisha hadi ya kwanza. Unaituma baruapepe ya uthibitisho kwenye anwani yao, nayo huipanga safari yenyewe kwa tarehe na saa za kila mahali. Jambo hilo lina faida hata kwetu, kwa kuwa Kigali na Bujumbura ziko nyuma ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kwa saa moja. Toleo la Pro, la dola 49 kwa mwaka, huongeza taarifa za ndege kuchelewa na lango kubadilishwa. Kwa msafiri wa Idi na Krismasi pekee, fedha hiyo ni afadhali iwe nauli. Tiketi ya basi iliyokuja kwa ujumbe mfupi utaiingiza kwa mkono, na hapo jedwali la bure linaishinda.

Tripsy ni nzuri kwa macho, ila imetengenezwa hasa kwa vifaa vya Apple. Katika familia yenye simu za Android, haitufai.

Uchague ipi, usiweke picha ya pasipoti katika ratiba inayosomwa na watu kumi, na uhifadhi nakala ya PDF ya ratiba nzima, kwa maana programu hizi hufungwa: Google Trips, iliyopendwa na wengi, ilizimwa Agosti 2019.