Picha za harusi usiku bila chenga: ununue nini kwanza

Kamera iliyopiga vizuri mchana nje ya kanisa, ikiingia ukumbini saa mbili usiku chini ya taa za zambarau za dijei, inaleta chenga, yaani vidoa vidogo kama mchanga vinavyochafua picha. Wapiga picha wengi wanaoanza huona dawa ni kubadilisha kamera, wakaingia hata mkopo. Mimi nawasihi waiache kamera kwanza. Chenga huletwa na uhaba wa mwanga: unapandisha ISO (kiwango cha kamera kukuza mwanga) ili picha ionekane, na uchafu uliojificha gizani unapanda nao. Kwa hiyo hela ya kwanza iende kwenye kitu kinachoongeza mwanga.

1. Lenzi ya 50mm f/1.8

Hii naipa nafasi ya kwanza bila kusita. Lenzi ya 18-55mm inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake la kupitishia mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Hii ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara 10 ya huo. Pale ulipolazimika kuweka ISO 6400, sasa 640 inatosha kwa kasi ileile ya shata, pazia linalofunguka kuingiza mwanga. Tena kuna makanisa na misikiti ambako flashi hairuhusiwi kabisa, na huko lenzi ndiyo itakayokuokoa.

Mwenye Canon ya DSLR (kamera yenye kioo ndani) achukue EF 50mm f/1.8 STM, iliyotoka 2015. Mwenye Nikon ndogo kama D3500 au D5600 awe makini: ile ya zamani yenye herufi D haifokasi yenyewe kwenye kamera hizo, kwa sababu hazina mota ndani. Aulizie AF-S yenye herufi G. Na kama unapiga zaidi kwenye sebule finyu za kitchen party, 50mm itakubana hadi ukutani. Nikon wana 35mm f/1.8G ya DX, yaani ya kamera zao ndogo, inayofaa zaidi hapo.

Udhaifu wake ni kwamba kwenye f/1.8 eneo linalokaa kwenye fokasi ni jembamba sana. Ukiwapanga wajomba na mashangazi safu tatu, safu moja itatoka kali na nyingine zitafifia.

2. Flashi ya juu ya kamera

Kwa picha za ukoo, basi, nunua flashi, ili ulifunge tundu kidogo safu zote ziwe kali na mwanga bado utoshe. Godox TT600 ni ya bei nafuu, ila nguvu unaipanga mwenyewe kwa mkono. TT685 inapima yenyewe, lakini hakikisha herufi iliyo kwenye jina lake inalingana na kamera yako: C ni Canon, N ni Nikon, S ni Sony. Zote zinakula betri nne za AA, kwa hiyo nunua za kuchaji, seti mbili.

Usiielekeze usoni. Ielekeze kwenye dari jeupe, mwanga urudi chini ukiwa laini. Dari likiwa limefunikwa vitambaa vyekundu, nyuso nazo zitakuwa nyekundu. Hapo tafuta ukuta mweupe.

3. Kamera ya fulfremu iliyotumika

Sensa yake, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, ya 36 kwa 24mm ina eneo zaidi ya mara mbili ya ile ya kamera ndogo, hivyo inakusanya mwanga mwingi zaidi. Canon 6D ya 2012 bado naipenda, kwa kuwa nukta yake ya fokasi ya katikati inafokasi hata kwenye giza zito. Lakini ukiifungia lenzi ya f/5.6, faida yote umeitupa.

4. Stendi ya miguu mitatu

Nzuri kwa keki na mapambo kabla wageni hawajaingia: ISO 100, shata sekunde nzima. Kwa watu wanaocheza haisaidii.

Lenzi za kubandika kwenye simu ziache dukani.

Hata ukinunua vyote hivi, angalia shela. Kamera ikiona weupe mwingi hujipunguzia mwanga, uso wa bibi harusi unakuwa mweusi, na ukiung'arisha baadaye kwenye kompyuta chenga zinajaa mashavuni. Pima mwanga usoni, na upige RAW (faili ghafi la kamera), ili kipengele cha kupunguza chenga, Denoise, kilichoingia kwenye programu ya kuhariri picha ya Lightroom mwaka 2023 kiwe na kitu cha kufanyia kazi.

Ukinunua lenzi iliyotumika Dar, Mombasa au Zanzibar, washa tochi ya simu uichungulie kwa nyuma. Unyevu wa pwani huotesha kuvu kwenye vioo. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, mrudishie muuzaji.