Raba za kukimbilia kwa mtu wa jogging na mbio za msimu: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Mwongozo huu ni wa mtu anayekimbia mara tatu au nne kwa wiki: alfajiri kwenye lami ya Masaki au Ngong Road, Jumamosi na kikundi, na mara chache kwa mwaka analipia namba ya mbio. Februari ikiisha yuko Moshi kwa Kilimanjaro Marathon, Julai Dodoma, Oktoba Nairobi. Hatafuti zawadi ya fedha. Anataka amalize kilometa 10 au 21, avae medali, apige picha na wenzake, na Jumatatu aende kazini bila kuchechemea.

Mtu huyo hasaidiki sana na orodha ya majina ya kampuni. Sokoni kwetu raba yenye jina lile lile inaweza kuwa mpya halisi, mtumba au feki, na tofauti kati ya hizo tatu ni kubwa kuliko tofauti ya kampuni na kampuni. Ndiyo maana hapa tumepanga kwa aina ya raba na mahali inapotoka, kuanzia inayostahili pesa zako hadi isiyostahili hata kujaribiwa.

1. Raba ya kila siku, mpya, toleo la nyuma

Kila kampuni kubwa ina raba yake ya mazoezi ya kila siku: Nike Pegasus, ASICS Gel-Cumulus, Brooks Ghost, Saucony Ride, New Balance 880, Hoka Clifton. Karibu kila mwaka hutolewa toleo jipya, na lile lililotangulia hushushwa bei ili kuachia nafasi kwenye shelfu. Mara nyingi kilichobadilika ni kitambaa cha juu, rangi, na milimita mbili tatu za sponji. Kwa mkimbiaji wa burudani toleo la nyuma ndilo la kununua. Ukiingia duka la michezo usiulize "mpya ipi imeingia", uliza kama limebaki toleo la mwaka jana la saizi yako.

Vipimo vya kuangalia: gramu 250 hadi 300 kwa kiatu kimoja cha saizi ya 42, sponji ya milimita 30 hadi 38 chini ya kisigino, na mpira mgumu kwenye soli ya nje angalau nyuma na chini ya vidole. Kuna pia tofauti ya kimo kati ya kisigino na mbele. Raba nyingi za kila siku zina milimita 8 hadi 10, na hiyo inamfaa anayeanza. Zenye milimita 4 au pungufu, kama Iten ya kampuni ya Kenya iitwayo Enda, huhamishia kazi kwenye misuli ya mashavu ya mguu na kano ya kisigino. Ni raba nzuri na nyepesi, lakini anayetoka kwenye raba ya milimita 10 akaivaa siku zote kuanzia wiki ya kwanza, mashavu ya miguu yatamweleza. Anza na kilometa 3 kwa safari moja ya wiki, kisha ongeza taratibu.

Jambo moja la kukagua hata dukani ni umri. Raba iliyokaa stoo yenye joto miaka minne mitano hukakamaa sponji na gundi yake huchoka. Unaitoa boksini inang'aa, ukifika kilometa ya thelathini soli inabanduka. Kwenye lebo ndogo ndani ya ulimi, Adidas huandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Nike huandika tarehe za kipindi cha utengenezaji. Ikizidi miaka mitatu, omba punguzo kubwa au iache.

Bei isikutishe kabla hujapiga hesabu kwa kilometa. Raba halisi ya kila siku hudumu kilometa 500 hadi 800, kutegemea uzito wako na unavyotua. Chukulia umenunua kwa shilingi 240,000 za Tanzania ikaenda 600: ni shilingi 400 kwa kilometa. Feki ya 50,000 ikifa kwenye kilometa 100 imekugharimu 500, hapo hatujahesabu dawa ya goti.

2. Mtumba uliochaguliwa kwa jicho kali

Karume pale Ilala, Memorial ya Moshi, Gikomba na Toi za Nairobi: kote huko kuna raba ambazo mwenyewe wa Ulaya au Marekani alizivaa mara chache akaziacha. Ziko pia ambazo alizimaliza kabisa, zikaoshwa, zikapigwa brashi na kuning'inizwa. Kwa macho zinafanana. Kinachozitenganisha ni ukaguzi wa dakika tano, na muuzaji mzoefu hatakuzuia.

Kwanza ziweke zote mbili juu ya meza au ubao tambarare, chuchumaa, uzitazame kwa nyuma usawa wa macho. Kisigino kisimame wima. Kikilalia ndani au nje, sponji ya upande huo imekwisha, nawe utarithi mwendo wa mtu mwingine. Hapo usibishane bei, zirudishe.

Geuza soli. Mpira kulika kidogo kwenye kona ya nje ya kisigino ni kawaida. Ukiona mpira umeisha na sponji nyeupe imechungulia, basi.

Sasa bonyeza ubavu wa sponji kwa dole gumba, karibu na kisigino. Iliyo hai inabonyea na kurudi hapo hapo. Iliyokufa inakuwa ngumu, au inabonyea na kubaki, na ubavuni utaona mikunjo midogo ya mlalo iliyopangana ambayo haiondoki hata kiatu kikiwa hakina mguu. Mikunjo hiyo ndiyo kitabu cha kilometa cha mtumba. Rangi safi ya juu haikuambii kitu.

Toa soli ya ndani. Alama za vidole zikiwa zimechimba mashimo, raba imetembea sana. Pitisha mkono ndani kwenye kisigino: kitambaa kilichotoboka kitakupa malengelenge kabla ya kilometa ya tano. Kisha shika ncha ya soli mbele uivute kwa nguvu ya kawaida. Ukinusa gundi mpya, au ukingo mweupe ukibanduka rangi kwa kucha, ujue imepitia kwa fundi. Kubandikwa si dhambi kwa kiatu cha kutembelea, ila kwenye mbio joto la lami na jasho huifungua gundi ya mtaani.

La mwisho husahaulika sana: soma lebo za ulimi kwenye viatu vyote viwili. Katika belo viatu huchanganyika, na si ajabu kukuta kushoto ni 42 na kulia ni 42.5. Ukiwa umesimama huhisi kitu, lakini kilometa 12 zinatosha kukuambia.

Fika asubuhi siku belo linapofunguliwa. Gikomba mzigo wa kwanza kuchaguliwa huitwa kamera na una bei yake. Mchana hubaki mabaki. Hata ukipata nzuri, hesabu kwamba umenunua nusu ya maisha yake. Ioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, ikaushe kivulini, na uweke soli mpya ya ndani. Fangasi wa mtu mwingine usimkaribishe.

3. Mpya za bei ya chini za kampuni zinazojulikana

Nike Revolution na Downshifter, Adidas Runfalcon na Galaxy, ASICS Gel-Contend. Hizi ni halisi na zinavumilia, ila sponji yake ni ya kawaida na huchoka mapema. Zinamtosha anayeanza kwa miezi mitatu minne, au asiyevuka kilometa 10. Kwenye 21 utaanza kuihisi lami kuanzia kilometa ya kumi na tano hivi. Tumeziweka chini ya mtumba mzuri kwa sababu Pegasus iliyobaki na kilometa 300 inakimbilika kuliko Runfalcon mpya. Kama huna muda au jicho la kukagua mtumba, geuza nafasi hizi mbili bila kusita.

4. Raba za vumbi na njia za msituni

Zina meno ya milimita 4 hadi 5 chini, mfano Salomon Speedcross. Nunua tu kama zaidi ya nusu ya mbio zako ni nje ya lami. Lami huyala meno hayo haraka, na kwenye zege au vigae vilivyolowa huteleza kuliko soli bapa. Njia za msitu wa Karura, Nairobi, zimeshindiliwa vizuri. Kiangazi raba ya lami inatosha. Hata Lewa, Kenya, mwezi Juni, ambako mbio nzima ni barabara ya udongo, wengi humaliza na raba ya kawaida.

5. Za bamba la kaboni

Hizi zina bamba gumu la kaboni ndani ya sponji. Tunajua unazitaka. Mkenya Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2:00:35 na za aina hiyo, na mwaka huo huo Tigist Assefa wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia ya wanawake Berlin, 2:11:53, akiwa na Adidas yenye gramu 138 iliyouzwa dola 500. Adidas wenyewe walisema raba ile ni ya marathoni moja na mazoezi kidogo ya kuizoea. Hicho ndicho unacholipia.

Kwa anayekimbia kilometa kwa dakika sita au saba, faida hupungua, na sponji ndefu na laini huyumba kwenye kona na ukingo wa barabara. Kama umeshamaliza nusu marathoni kadhaa na unatafuta kushuka chini ya 1:40, nunua, uivae siku ya mbio na mazoezi mawili ya kasi kabla yake. Kaboni ya mtumba usiiguse, kwani sponji yake ndiyo inayokufa mapema kuliko zote.

6. Feki, na raba za mitindo

Muuzaji akisema "OG hii bosi", yaani orijino, hajasema kitu. Linganisha namba ya toleo kwenye lebo ya ulimi na ile ya boksi. Ukiiandika mtandaoni itoke raba hiyo hiyo, rangi hiyo hiyo. Kunja kiatu: halisi hukunjika chini ya mafundo ya vidole, feki hukunjika katikati ya wayo au haikunjiki kabisa. Soli ikiwa kipande kimoja kigumu kilichochorwa mistari kuigiza tabaka za sponji, umeshajibiwa. Raba za mitindo kama Air Force 1 ni halisi, ila si za kukimbilia. Ni nzito, na soli yake haikuundwa kwa kazi hii.

Saizi: hapa ndipo pesa nyingi hupotea

Namba za Ulaya, Uingereza na Marekani hazilingani kutoka kampuni hadi kampuni. UK 8 ya wanaume kwa Nike ni 42.5 na sentimita 27. Kwa Adidas UK 8 hiyo hiyo ni 42 na sentimita 26.5. Kwa hiyo beba sentimita. Pima jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa shughuli za mchana: kanyaga karatasi kisigino kikigusa ukuta, weka alama kwenye kidole kirefu kuliko vyote (kwa wengi ni gumba, kwa baadhi ni cha pili), pima miguu yote miwili, uchukue mkubwa. Unapojaribu, vaa soksi unazokimbilia na usimame. Mbele ya kidole kibaki karibu sentimita moja. Ndugu anayekuletea kutoka Dubai mpe sentimita hizo, usimwambie tu "mimi navaa 42".

Upana nao una herufi zake. Kwa wanaume D ni ya kawaida na 2E ni pana. Kwa wanawake kawaida ni B. Mwanamke mwenye mguu mpana mbele anaweza kuchukua ya wanaume, akitoa 1.5 kwenye namba yake ya Marekani. Ila ajaribu kisigino kwanza, kwa sababu za wanaume huwa pana na nyuma pia.

Lini ununue

Wiki sita kabla ya mbio. Kwa Moshi, hiyo ni katikati ya Januari. Anza na safari fupi mbili, kisha ifikishe kilometa 40 hadi 60 ikiwemo moja ndefu ya Jumamosi, ndipo uiamini. Usiiache ndani ya gari juani, na ikilowa masika ijaze magazeti, uyabadilishe baada ya saa mbili, isianikwe kwenye jua kali.

Nusu marathoni ya Kilimanjaro hupanda kuelekea Mweka kisha hushuka kurudi mjini, na huko kushuka ndiko kunakoua kucha, kwa sababu mguu husukumwa mbele kila hatua. Kabla ya kuanza tumia lile tundu la juu kabisa ambalo wengi huliacha wazi. Ingiza kamba kutoka nje kwenda ndani upande ule ule ili ibaki kitanzi kidogo, fanya hivyo pande zote mbili, pitisha kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta kwa nyuma kuelekea kisigino, ndipo ufunge. Juu ya wayo kamba zibane kiasi tu; pale kwenye kifundo ndipo zishike.